Marehemu Ametuma Salamu

Marehemu aliingia saa nne na robo asubuhi, akafuta viatu mlangoni, akavuta kiti, akakaa.

Haya, ninyi mlioshinda wiki nzima mkibishana ni nani aliyesukuma ule mlango wa vioo, roho zenu zitulie. Ndiye. Mama Mishono mwenyewe, mzima wa afya, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, na mkononi bahasha nyeupe yenye muhuri wa kampuni.

Nyuma ya meza alikuwa yule mtu wetu, Muhuri. Kwa anayeanza kusoma leo: huyu ni Afisa Uhusiano wa kampuni inayouza na kutengeneza cherehani. Jina la Muhuri kalipata kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mbele yake ikaondoka bila kugongwa. Siku moja aligonga karatasi iliyofungiwa karanga, akala karanga, akaifungua droo na kuihifadhi ile karatasi kwenye faili.

Na Mama Mishono si mteja tu. Kijana wake ndiye aliyemwoa binti wa Muhuri. Ni mkwe. Mkwe akiwa hai ni mtu wa kumwinamia. Sasa huyu alikuwa amefufuka.

"Mkwe," alisema Mama Mishono, "ningekuamkia, lakini sijui maiti huamkiaje."

"Mkwe wangu... karibu... karibu sana."

"Nimeshakaribia. Nisomee hii. Miwani nimeisahau kaburini."

Muhuri akaifungua bahasha.

"'Kwa familia ya Mama wa Kona,'" akasoma. "'Kwa masikitiko makubwa tumepokea taarifa za kuondokewa na mpendwa wenu, mteja wetu wa miaka kumi na tisa. Pengo aliloliacha halizibiki.'"

"Lizibe sasa. Nimekuja na mwili wangu wote, huu hapa."

"Mkwe, wallahi sikujua kwamba Mama wa Kona ni wewe."

"Ahaa. Kwa hiyo ukimwua mwanamke mwingine si neno?"

Wateja wawili waliokuwa mapokezi wakageuka kutazama picha ya cherehani ukutani, kama watu walioiona leo tu.

Mama Mishono akahesabu maafa yake kwa vidole. Barua ilifika jana, yeye yuko shule nyingine anapima watoto sare. Dada yake aliifungua, akapiga yowe. Majirani wakaja na viti. Mafundi wake kumi na wawili wakafunika mashine. Mkuu wa shule, aliyempa kazi ya sare mia nane, alisikia msiba akaja kutoa pole, na alipoondoka aliondoka na majora yake yote ya kitambaa. Kazi ya marehemu haina mwenyewe, alisema.

"Narudi kwangu kwa miguu, nakuta watu wamejaa uani, wanaimba. Nauliza, nani kafa? Dada yangu aliponiona alikimbia, akaacha kiatu kimoja. Mpaka leo hajakifuata."

"Pole, mkwe."

"Subiri, pole bado. Nikapiga simu stoo kwenu nipate sindano, nifufue kazi. Naambiwa mteja huyu amefungwa. Nauliza, amefungwa na nani? Wananijibu: na Mungu, mama. Wewe ni nani yake?"

Muhuri akajikuna shingo.

"Sitaki pole," Mama Mishono akasema. "Nataka karatasi inayosema nani kaniua na kwa nini, niipeleke kwa mkuu wa shule leo. Kesho majora yale yanakatwa na mtu mwingine."

Mlango wa ndani ukafunguka.

Akatoka Mkurugenzi, mwanamke mfupi wa makamo, anayeongea polepole mpaka watu wanatamani afoke. Nyuma yake binti mmoja mwembamba mwenye laptopu kifuani. Huyo ndiye Bi Nyaya. Aliletwa kuzikusanya taarifa za kampuni mahali pamoja, na jina hilo lilimwangukia siku ya kwanza, alipoonekana anatambaa chini ya meza akivuta waya.

"Nimesikia yote," Mkurugenzi alisema. "Bwana Muhuri. Barua imetoka kwako. Habari ya kifo umeitoa wapi?"

Hapo, wasomaji wangu, palikuwa na mlango wazi wa ukweli. Mtu angepita na baiskeli.

"Karakana," Muhuri akajibu. "Fundi ndiye aliyeandika."

Naye hakusema uongo. Alisema nusu, na nusu ndiyo mbaya zaidi.

Maana nusu ya pili tunaijua mimi na ninyi. Kampuni ile ilikuwa na vyumba vinne na kompyuta nne: mauzo, stoo, karakana, na ya Muhuri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na pale kila mtungi ulikuwa na kata yake. Mkurugenzi aliagiza kila chumba kimpe Bi Nyaya orodha yake ya wateja. Watatu wakatoa. Muhuri akakataa wiki sita, akisema yake ina mambo nyeti.

Kisha akataka kuonyesha kwamba Bi Nyaya hahitajiki, kwamba yeye mwenyewe anaweza kukusanya habari za wateja. Siku nne zilizopita fundi alipokwenda kula, Muhuri aliingia karakana na flashi, akanakili orodha. Akaona majina kumi na saba yameandikwa mbele yake "amekufa." Kabla ya jioni barua kumi na saba za rambirambi zilikuwa zimegongwa na zimeondoka, na stoo wameletewa namba za simu za marehemu wazifunge.

Kutoka kiti chake hadi benchi la fundi ni hatua kumi na nne. Hakwenda kuuliza.

Fundi akaitwa. Mwili mkubwa, sauti ndogo, aproni ya turubai imeng'aa mafuta. Wote humwita Fundi Spana.

"Fundi, neno hili ni lako?" Mkurugenzi akamwekea karatasi.

Spana akasoma huku midomo ikitembea. "Langu. 'Mama wa Kona, amekufa, tarehe tisa.' Kweli tupu. Alinifia mikononi."

Mama Mishono akaruka wima. "Nani alikufia mikononi?"

"Yule mweusi wako wa kukanyaga. Shafti imekatika, meno yamelika. Nikamfunika kitambaa."

"Mashine?"

"Sasa nani tena, mama?"

"Imekufa!" Mkurugenzi akafoka, na wote wakashtuka, maana hawakujua kwamba anaweza. "Mashine imekufa, fundi! I! I!"

"Kwako wewe imekufa, bosi," Spana akajibu kwa upole. "Mimi niliyemtia mafuta miaka kumi na tisa, amekufa. Siwezi kumwita 'i' kama ndoo."

Mteja mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Herufi moja tu, mabibi na mabwana. A badala ya i, na watu kumi na saba wakaingia mavumbini.

Mkurugenzi hakucheka. Sauti ilirudi kule chini, polepole.

"Fundi, nilisema mbele ya wote. Taarifa ya mteja ni kama jicho la mteja. Atakayeichezea atarudisha vifaa aende nyumbani. Mama huyu amepoteza kazi yake kwa neno lako."

"Umesema, bosi."

"Una la kujitetea?"

Spana akafikiri. "Sina. Ila Bwana Muhuri asilaumiwe. Yeye kasoma nilichoandika. Angekuwa na shaka angekuja kuniuliza. Si mtu wa kupuuza, huyu."

Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wa Muhuri siku hiyo uliumbwa upya. Masikio yalimchoma. Alitaka kutazama pengine, lakini kila alipotazama palikuwa na mtu: huku mkwe, huku fundi, huku bosi. Akatazama muhuri wake mezani. Nao ulimtazama.

Spana akaanza kufungua kamba za aproni. Akatoa spana mfukoni moja moja, akazipanga mezani kwa ukubwa.

"Hizi za kampuni. Hii namba kumi ni yangu, nilikuja nayo nikiwa kijana. Imebaki miezi minane nistaafu, lakini si kitu."

Spana ziligusa meza. Ti. Ti. Ti.

"Samahani," Bi Nyaya akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amechomeka laptopu kwenye ile televisheni ya mapokezi inayoonyesha matangazo ya cherehani kutwa nzima.

"Huwezi kumhukumu mtu kwa kompyuta moja," akasema. "Fundi kaandika, sawa. Lakini wengine waliandika nini kuhusu mama huyu siku zilezile? Nikiwa na orodha zote nne naziweka kwenye ukurasa mmoja, kila neno na tarehe yake na saa yake. Tutajua nani aliona nini, na nani angeweza kujua mapema. Tatu ninazo. Ya nne imefungwa."

"Ya nani?" Mama Mishono akauliza.

Wote wakamtazama Muhuri.

"Ina mambo nyeti," Muhuri akasema, na sauti yake yenyewe ilimsikitikia.

"Mkwe," Mama Mishono akasema, "mtu anavua nguo ya kazi mbele yako. Nyeti gani hiyo?"

Spana namba nane ikagusa meza. Ti.

"Ngoja, fundi," Muhuri akasema. "Acha kwanza. Bi Nyaya, nitakuja niliandike mwenyewe neno la siri."

"Usihangaike, baba. Kibodi iko kwangu. Sema tu, naandika."

"Mbele za watu?"

"Tutalibadilisha baadaye."

Muhuri akajongea karibu na kibodi.

"Nitaendakesho," akanong'ona.

"Utaenda kesho wapi?" Mkurugenzi akauliza. "Hutoki hapa."

"Hapana, bosi. Ndilo neno lenyewe. Nitaendakesho. Herufi ndogo, bila nafasi."

Hata Mkurugenzi alilazimika kugeuka dirishani kidogo. Bi Nyaya akaandika, akabonyeza. Pale kwenye televisheni yule mwanamke wa matangazo anayeshona huku anatabasamu akatoweka, ukaja ukurasa mweupe.

"Jina linadanganya," Bi Nyaya alisema huku akichapa. "Namba ya simu haidanganyi. Mama, nitajie yako."

Mama Mishono akataja. Mistari minne ikapanda juu ikakaa pamoja kama ndugu waliopotezana.

"Aa! Ona. Mauzo wanakuita Kiwanda cha Sare. Stoo, Geti la Kijani. Karakana, Mama wa Kona. Uhusiano, Mishono Bora. Watu wanne, simu moja."

"Mimi huyohuyo," Mama Mishono akasema, kwa fahari kidogo.

"Tarehe tisa, karakana: amekufa. Tarehe kumi, mauzo: amenunua uzi boksi sita."

"Marehemu kanunua uzi," Spana akasema. "Basi mauzo walijua kwamba yuko hai."

"Walijua, ila hawakuwa na habari kwamba huku kafa. Tarehe kumi na tatu, barua." Bi Nyaya akasita. Akamtazama Muhuri, kisha akatazama chini. "Katikati pana mstari mmoja. Wa Uhusiano."

"Usome," Mkurugenzi akasema.

"'Tarehe kumi na mbili, saa tano kamili. Ametembelewa. Mzima. Ameridhika. Ametuma salamu.'"

Spana, ambaye hesabu zake ni za polepole lakini hufika, akanyoosha kidole kinene kuelekea televisheni. "Mbona sielewi. Tarehe kumi na mbili Bwana Muhuri kaenda kwake, kamkuta mzima, kapewa salamu. Kumi na tatu kamwandikia rambirambi?"

"Bi Nyaya," Mkurugenzi akasema polepole kuliko siku zote, "tarehe hiyohiyo alitembelewa nani mwingine?"

"Wote, bosi. Wateja mia tatu na kumi na wawili. Wote saa tano kamili. Wote wametuma salamu."

"Alikuwa na mabawa?" Spana akauliza, na hakuwa anatania.

"Na mwezi kabla ya huo?"

"Vilevile. Mstari mmoja umenakiliwa kutoka juu mpaka chini. Kila mwezi. Miaka minne."

Ndiyo, wasomaji wangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyeti. Kumtembelea mteja ndiyo iliyokuwa kazi yake Muhuri, kazi yenyewe, hana nyingine. Mwaka wa kwanza alikwenda. Wa pili aliahirisha. Tangu hapo alikuwa anatembea kwa kidole. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuweka ziara zake ubavuni mwa daftari la stoo au la mauzo, alitembea vizuri tu, wala viatu havikuchakaa.

Mama Mishono hakufoka. Afadhali angefoka.

"Binti, nenda mwezi wa pili. Tarehe kumi na mbili. Soma."

"'Ametembelewa. Mzima. Ameridhika. Ametuma salamu.'"

"Mwezi wa pili nilikuwa hospitali. Mguu huu. Wiki tatu." Alikuwa anaongea na televisheni, hamtazami mkwe wake. "Kila mlango wa wodi ukifunguka nasema, leo mkwe amekuja. Mwanao alikuwa anakaa hapo kitandani, anatafuta la kuniambia. Baba ana kazi nyingi, mama. Baba yuko safarini. Mtoto wa watu alikuwa anaona aibu kwa niaba yako. Kumbe ulikuja! Na salamu nikakupa!"

"Mkwe..."

"Usiniite."

Muhuri akasimama, akakaa, akasimama tena. "Bosi," akasema, "fundi hakunipa ile orodha. Niliichukua mwenyewe akiwa hayupo. Sikumwuliza. Nilitaka... nilitaka ionekane kwamba naweza." Akaishiwa. "Avae aproni yake."

Mkurugenzi akamwashiria fundi kwa kichwa kwamba avae. Spana akafunga kamba, akaanza kurudisha spana mfukoni. Hakumtazama Muhuri. Fundi aliyesema kwamba Muhuri si mtu wa kupuuza, sasa alikuwa anapanga spana zake kwa makini mno, kama mtu anayetafuta pa kuweka macho.

"Karatasi yako inatoka sasa hivi, mama," Mkurugenzi akasema, na printa ikaanza kunguruma. "Nitampigia mkuu wa shule mimi mwenyewe. Sindano na uzi utaondoka navyo. Bi Nyaya, hao wengine kumi na sita waliopata barua?"

"Nawatazama." Vidole vikakimbia. Mistari ikapanda na kushuka. Kazi ambayo ingewachukua watu wanne siku tatu na ugomvi mmoja, ilikwisha kabla printa haijamaliza kutema. "Huyu kanunua baada ya barua. Huyu kapiga simu jana, ametukana. Huyu katukana na mkewe. Huyu yuko hai, huyu yuko hai... Wako hai kumi na tano, bosi."

"Wa kumi na sita?"

Bi Nyaya akainamia laptopu. Akaukuza mstari mpaka ukajaa kioo kizima.

"Mshona kofia. Anaitwa Babu Kofia. Karakana: mashine yake imeletwa miezi mitano iliyopita, amekufa, haijachukuliwa."

"Naye namkumbuka," Spana akasema. "Mdogo, wa mkono. Yuko kwenye rafu yangu mpaka leo. Nilisema mwenyewe atakuja."

"Mauzo: hajanunua kitu miezi mitano. Stoo: boksi la uzi limepelekwa mara mbili, limerudi mara mbili, mlango haukufunguliwa. Na Uhusiano..."

"Tunajua," Mkurugenzi akasema.

"Mzima. Ameridhika. Ametuma salamu. Mara tano."

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi alijua mashine haijafuatwa. Dereva wa stoo alijua mlango haufunguki. Binti wa mauzo alijua mzee haagizi tena. Kila mmoja alishika kipande chake kidogo akakiona si kitu. Viliposimama kwenye mstari mmoja vilisema wazi kwamba mtu mzima anayeishi peke yake amenyamaza miezi mitano. Vingesimama hivyo tangu mwezi wake wa pili wa kunyamaza, mtu angekwenda.

"Bwana Muhuri," Mkurugenzi akasema, "mambo ya kazi yako tutayaongea baadaye. Sasa hivi utatembelea mteja."

"Nakwenda, bosi."

"Nami nakwenda," Mama Mishono akasema, akaikunja karatasi yake ndani ya mkoba. "Shule iko njia hiyohiyo. Nataka nione mkwe wangu anavyotembelea watu."

Spana akabeba ile mashine ya rafuni, imeviringishwa kitambaa. Hakuna aliyemwambia.

Walikwenda kwa pikapu ya stoo, watatu kiti cha mbele, Muhuri katikati. Katikati ya njia dereva akasema, "Nyumba yenyewe ni ghorofa ya pili, mlango wa mwisho. Mimi nimegonga pale mpaka vidole vikaota sugu," akarudisha macho barabarani alipoona nyuso zao.

Ngazi zilikuwa za saruji, zimelika katikati. Ghorofa ya kwanza mtoto alikuwa analia ndani ya nyumba, redio inamjibu. Ghorofa ya pili hapakuwa na sauti. Mlango wa mwisho ulikuwa wa rangi ya udongo, na nje yake kandambili mbili zimepangwa sawasawa, zina vumbi.

"Gonga," Mama Mishono akasema.

Muhuri akagonga.

Kimya.

"Gonga kama mtu aliyewahi kufika."

Akagonga tena. Spana akaweka sikio mlangoni. Jasho lilimtiririka Muhuri mpaka kwenye soksi. Moyoni alikuwa anaomba kitu kimoja tu, na aliona haya hata kukiomba: mzee awe hai. Hakujua kama anamwombea mzee au anajiombea mwenyewe.

Kikasikika kitu kinaburuzwa. Kisha fimbo. Kisha komeo.

Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Uso wa mzee, mwembamba, umenyolewa vizuri, na kofia nyeupe iliyotarizwa kwa uzi wa kijani.

Spana akapumua kwa nguvu mpaka mzee akarudi nyuma.

"Nyie wa kampuni ya cherehani?" mzee akauliza. "Karibuni, karibuni. Mnisamehe, nilikuwa nimeshaondoka."

Wakaingia. Kwanza hawakuelewa wanachokiona. Chumba kilikuwa kitupu. Ukutani alama za picha zilizotolewa, sakafuni alama za miguu ya kabati. Kimebaki kiti kimoja, godoro lililokunjwa, na ile barua ya rambirambi, imebandikwa ukutani kwa pini nne.

"Ilifika siku tatu zilizopita," Babu Kofia akasema. "Nikaisoma mara mbili. Nikasema, kampuni yenye kompyuta haiwezi kukosea, labda mimi ndiye niliyechelewa. Nikaanza kugawa. Kabati kwa jirani, viti kwa wale wa chini. Vibao vya kofia kwa kijana wa mtaa wa pili, ana mkono mzuri."

"Babu!" Mama Mishono akashika mdomo.

"Si kitu, binti yangu. Vitu ni vitu. Kaeni. Kiti ni kimoja, akae Bwana Muhuri. Ni wewe, sivyo? Umeandikwa hapa chini ya muhuri."

"Ni mimi, Babu." Muhuri hakukaa.

Mzee akamsogelea. Akamtazama uso kwa muda mrefu, huku na huku, kama mtu anayetafuta jicho la sindano. Kisha akafanya jambo ambalo Muhuri hakulitarajia. Akainamisha kichwa.

"Mwanangu, nina deni la kukuomba radhi. Sura yako imenitoka kabisa."

"Radhi ya nini, Babu?"

"Miezi mitano nyuma nilipiga simu ofisini kwenu. Nikamwambia binti, mimi niko peke yangu huku, mashine imekufa, hivi ninyi mna mtu wa kututembelea sisi wazee? Binti akauliza pembeni. Nikasikia sauti ya mwanaume ikijibu, 'Mwambie tunakwenda kwake kila mwezi, iko kwenye kompyuta.'"

Muhuri aliijua sauti hiyo. Aliikumbuka mpaka na karanga iliyokuwa mdomoni.

"Nikakata simu," mzee akaendelea. "Nikakaa kitandani nikalia. Nikasema, basi akili imeniruka. Mtu anakuja kwangu kila mwezi, ananikalia, ananisikiliza, mimi simkumbuki! Tangu siku hiyo sikumfungulia mtu wa kampuni mlango. Niliona aibu, mwanangu. Nitamtazamaje mtu aliyekuja mara zote hizo, nimuulize yeye ni nani?"

Spana akaigeukia ile mashine aliyobeba, akaanza kuifungua kitambaa, akaifunga tena.

Babu Kofia akamshika Muhuri mkono kwa viganja vyote viwili. Vilikuwa vikavu, vyepesi kama karatasi.

"Nisaidie nikumbuke, hata kidogo tu, nijue kwamba bado nimo. Ile mara ya mwisho ulipokuja hapa, tuliongea nini?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tamu, mzee angetabasamu. Ingekuwa rahisi kuliko kubonyeza kibodi.

Muhuri akaitazama ile barua ukutani.

Mama Mishono akavua tepu shingoni, akaizungusha kwenye ngumi, mzunguko mmoja, miwili, mitatu.

"Mjibu, mkwe," akasema. "Mzee anakusubiri."